Kabla ya Mche, Punguza Moto

Mtajie mtu wa Mbalizi, mkoani Mbeya, neno mazingira, naye atakutajia miti. Mvua zikianza Novemba utaona miche inabebwa kila upande: wanafunzi, watumishi, vikundi vya akina mama, vijana wa kwaya. Ni kazi njema, na iendelee. Ila mche unaopandwa leo utachukua miaka mingi kuwa mti, na katika miaka hiyohiyo nyumba iliyoupanda itaendelea kuwasha mkaa kila siku, kuchoma taka nyuma ya choo kila wiki na kuteketeza mabua shambani kila Septemba. Kwa hiyo familia ikiniuliza ianzie wapi, naiambia ianze na moto: wa jikoni, wa taka, kisha wa shamba. Kazi hii haisubiri mradi wala mfadhili, na ule wa jikoni unarudisha fedha mfukoni kabla mwezi haujaisha.

Maharage ndiyo yanayomaliza mkaa

Mkaa mwingi unaouzwa Mbalizi na Mbeya mjini unatoka kwenye misitu ya miombo upande wa Chunya. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hula kilo sita hadi kumi za kuni. Sehemu kubwa ya mti imeshaondoka na moshi huko porini kabla gunia halijashonwa mdomo. Mama anayepunguza sado moja ya mkaa kwa wiki ameokoa mti wenye uzito mara kadhaa ya huo mkaa. Na katika nyumba zetu hakuna chakula kinachokula mkaa kama maharage.

Kuna sababu, na mpishi asilaumiwe. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbalizi iko chini kidogo, lakini bado ni nyanda za juu. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kabla hayajafika nyuzi joto 100. Kwa mwinuko wa Mbeya mjini huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Sufuria inatokota kwa fujo, lakini joto lililomo ni dogo kuliko la sufuria ya Dar es Salaam. Ukiongeza mkaa hapo huongezi joto la maji hata kidogo, unaongeza mvuke tu. Ndiyo maana maharage yaleyale ambayo dada yako wa Kinondoni ameshayaunga na kuyapakua, hapa bado yanagonga kwenye sahani.

Dawa yake inaanzia sokoni. Uliza ni ya msimu upi. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima, hasa penye joto na unyevu, hugoma kuiva uyafanyeje. Mbegu nayo ina mchango: Njano Uyole, iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha Uyole hapahapa Mbeya, inapendwa kwa kuiva haraka na kwa mchuzi wake mtamu.

Kisha yaloweke. Jioni, vyombo vikishaoshwa, chambua, suuza, tia maji mara tatu ya maharage, funika. Asubuhi yatakuwa yamefura karibu mara mbili na ngozi imekaza. Maji hayo yamwage bustanini. Yamebeba sehemu ya kile kinachojaza tumbo gesi. Wengine hutia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B, na maharage yaliyolala kwenye maji hayayahitaji.

Baada ya hapo linakuja kapu la kupikia, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana mbinu hii inafahamika na watu wachache kuliko inavyostahili. Kapu halipiki, linazuia joto lisitoroke. Chukua tenga, ndoo ya lita 20 au boksi gumu lililo pana kuliko sufuria yako kwa kiganja kizima kila upande. Chini na pembeni jaza nguo chakavu, blanketi kuukuu, maranda au pumba za mpunga zilizoshonewa kwenye kiroba. Mashine za kukoboa hazina shida ya pumba, mara nyingi wanakupa uzoe mwenyewe. Kisha shona mto mnene wa kufunikia juu. Sufuria zetu hizi zisizo na mikono zinafaa kabisa, mradi mfuniko ubane. Yenye mkono mrefu inaacha upenyo, na joto linapita hapo.

Maharage yaliyolowekwa yachemshe yatokote kwa nguvu dakika 20 hadi 30. Usiyaharakishe hapa. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka sawasawa. Joto la uvuguvugu haliiui, na ukiyaingiza kapuni kabla hayajachemka vizuri unaweza kuumiza matumbo ya nyumba nzima. Nyanya zisubiri, kwa sababu ukali wake unachelewesha maharage kulainika. Yakishatokota muda huo, ipua yakiwa bado yanachemka, usifunue mfuniko, futa masizi, ingiza kapuni, kandamiza mto juu, uende zako kwa saa tatu au nne. Sufuria iwe imejaa, maana iliyojaa nusu hupoa upesi. Ukirudi, bonyeza punje chache kwa vidole. Kama kiini bado kigumu, rudisha motoni robo saa na kapuni tena. Yakiwa tayari, unga. Usiyalaze humo usiku kucha, kwani chakula kikishakuwa vuguvugu huanza kuchacha.

Faida kubwa ya kapu inaonekana kwenye gesi. Nyumba nyingi hapa zina mtungi wa kilo 6, lakini mtungi ni wa chai na mayai. Maharage, makande na nyama ya ng'ombe vinarudishwa kwenye mkaa kwa hofu ya kumaliza gesi. Sasa, maharage yanayotaka moto wa nusu saa yanaweza kupikwa kwenye gesi bila hofu hiyo, na hapo ndipo mkaa unapoanza kutoka nyumbani kweli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya ruzuku inasaidia, lakini nimeona mitungi mingi imewekwa kona na kugeuzwa kigoda. Mtungi hujazwa tena pale familia inapoona gesi inakaa.

Wenye umeme walitazame jiko la presha la umeme. Bei yake inauma mwanzoni, lakini sufuria ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja, na kwa sababu presha hupandisha joto la maji kupita nyuzi 100, linatibu moja kwa moja ule ugonjwa wa mwinuko. Kikundi cha VICOBA kinaweza kununuliana kwa zamu, kama kinavyonunuliana vyombo.

Kwa wanaopikia kuni

Huku Umalila na vijiji vya mlimani kuni bado ndizo mfalme, na sioni sababu ya kumsimanga mtu anayekata tawi la mti wake mwenyewe. Asiziunguze bure tu. Mafiga matatu yanatoa joto kila upande, sufuria inapata kidogo. Jiko banifu la udongo linaweza kufinyangwa na familia yenyewe kwa udongo wa kichuguu, nyasi kavu zilizokatwa vipande vifupi na maji, ukikanyaga mpaka udongo ushikane kama wa kufyatulia tofali. Siri yake ni nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko: iwe upana wa kidole tu. Ikizidi, moto unapita bila kugusa sufuria. Ikipungua, moshi unarudi mlangoni. Liache likauke kivulini wiki mbili au tatu. Wanaoliwasha siku ya tatu ndio wanaolalamika kwamba limepasuka.

Kuni ipasuliwe, ipangwe chini ya paa kabla ya Novemba. Kuni mbichi inatumia sehemu ya moto wake kukausha maji yake yenyewe, na moshi wake anaumeza mama na mtoto aliye mgongoni. Magunzi ya mahindi yasitupwe. Ni kuni nzuri za kuwashia.

Lipo jambo la usalama ambalo kwa baridi yetu siwezi kuliruka. Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani kuota moto, kisha hufunga madirisha na kulala. Mkaa uliokolea hauna moshi unaoonekana wala harufu ya kukuamsha, lakini hutoa hewa ya sumu inayoua mtu usingizini. Jiko libaki nje. Ongeza blanketi.

Na akina baba, tusikilizane. Mkaa katika nyumba nyingi hununuliwa na mama kwa sado, kutoka kwenye hela ya mboga, kwa sababu fedha ya matumizi inatoka siku kwa siku. Sado ni ghali kuliko gunia ukijumlisha mwezi, ila baba haioni gharama hiyo kwa kuwa haijapita mkononi mwake ikiwa nzima. Andikeni kwa wiki mbili, kwenye daftari la mtoto, kila shilingi iliyokwenda kwenye mkaa, kuni, kibiriti na mafuta ya taa. Mkimaliza, wekeni daftari mezani, muamue pamoja kama mtungi, jiko banifu au jiko la presha ni anasa. Si haki kumwambia mama aokoe msitu kwa hela ya mchicha.

Moto wa taka

Plastiki inayofukutia uani hutoa sumu, zikiwamo dioksini, hasa moto ukiwa hafifu na kukiwa na vipande vya bomba, ngozi ya waya au kandambili. Majivu yake yakitupwa bustanini yanaishia kwenye figili na mchicha. Wengi tunajua hivyo, na bado tunachoma kwa sababu lundo linanuka na nzi wamejaa. Basi tushughulike na kinachonuka.

Kinachonuka ni maganda: ya viazi, ya ndizi, majani ya kabeji, makombo. Katika taka za nyumba zetu hayo ndiyo sehemu kubwa. Weka ndoo mbili jikoni, moja ya kinachooza, nyingine ya kisichooza, na baada ya wiki utaona kwamba kisichooza ni kikavu, kichache, kinakaa kwenye kiroba kimoja bila kumsumbua mtu.

Kinachooza kiwe mboji. Chagua kona yenye kivuli, tandika vijiti chini hewa ipite, halafu panga tabaka: majani makavu au mabua yaliyokatwa, maganda, samadi kidogo, udongo wa juu kiganja kimoja, kisha rudia. Majivu ya kuni yanafaa kwa kunyunyiza, si kwa kumwaga karai zima. Chomeka fimbo ndefu katikati ya lundo na uiache humo. Baada ya wiki ichomoe uishike. Ikiwa ya moto na ina unyevu, kazi inaendelea. Ikiwa kavu, mwagia maji. Ikiwa baridi na inanuka kama yai viza, lundo limekosa hewa, ligeuze. Kwa baridi ya kipupwe chetu lifunike kwa majani ya migomba na usitegemee miezi miwili wanayosema watu wa joto. Linaweza kukaa hata minne. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inapukutika, na inanukia udongo baada ya mvua.

Chupa za maji na soda watakuja kuzifuata wanunuzi wa chakavu, au watoto wazipeleke wenyewe na hela iwe yao. Betri za redio na tochi zisiingie chooni wala shimoni. Zikusanye kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto, mpaka gari la taka lipite.

Pampasi ndizo zinazonikera kuliko taka zote. Zinatupwa mtoni usiku zikiwa zimefungwa kwenye kiroba. Tujue mto huo unakwenda wapi. Mvua inayonyesha milima ya Mbeya hugawana njia: upande wa Usangu maji huingia Ruaha Mkuu na kumalizikia Bahari ya Hindi, ya Kiwira hushuka Ziwa Nyasa, na yetu ya Mbalizi huingia Songwe na kwenda Ziwa Rukwa. Rukwa haina mto unaotoka. Kinachoingia mle kinabaki mle, pamoja na samaki tunaowanunua wakavu sokoni. Mchana, mtoto akiwa nyumbani, nepi ya kitambaa inatosha. Pampasi ibaki ya safari na usiku, na ikishatumika kinyesi kipelekwe chooni, yenyewe ifungwe iende kwenye kiroba cha taka kavu.

Kuhusu mifuko ya rambo, sheria iko wazi tangu 1 Juni 2019: ukikutwa unaitumia, faini ni kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Vifuko laini vya kufungia vimejaribu kurudi kwa mlango wa nyuma. Kikapu cha milulu cha Iringa kinavikomesha. Kinabeba nyanya bila kuzipondaponda, na kinadumu miaka.

Moto wa shamba

Septemba na Oktoba milima yetu inawaka. Mtu anasafisha robo eka yake, upepo wa mchana unageuka, na moto unapanda mlimani kwenye vyanzo vya maji ambavyo vitadaiwa maji mwezi huohuo. Moto wa shamba hupeleka sehemu kubwa ya naitrojeni ya mabua hewani. Majivu yanayobaki huonekana kama mbolea, lakini mvua ya kwanza kwenye mteremko huyachukua pamoja na udongo, na ndipo Songwe inapogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Panga mabua kwa mistari inayokata mteremko, kila baada ya matuta kadhaa. Maji yakija yanagonga mstari, yanatua, yanaacha udongo. Kupata mstari ulio sawa huhitaji mpimaji: funga vijiti viwili vya urefu wa mtu na kimoja cha kuvikata katikati, viwe umbo la herufi A, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapogusa kijiti cha kati, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Tembea nayo shambani ukichomeka mambo kila mguu unapotua pakiwa sawa. Watoto wa darasa la tano wanaiweza kazi hii, na wanaipenda. Kwenye mistari panda majani ya tembo au Guatemala, na ng'ombe atakushukuru kiangazi.

Wapo watakaoniambia moto unaua funza wa mabua. Ni kweli, wanajificha humo. Basi mabua ya sehemu iliyoshambuliwa toa, lisha mifugo au ingiza katikati ya lundo la mboji lenye joto. Shamba zima halina kosa. Na kama huna budi kuchoma, safisha kwanza ukanda wa kuzuia moto kuzunguka eneo lote, waarifu majirani na serikali ya kijiji, washa asubuhi na mapema kabla ya upepo, na usiondoke mpaka majivu yapoe.

Walio na vinyungu mabondeni wana mzigo wa ziada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Najua bustani ya kabeji iliyosomesha watoto si rahisi kuisogeza. Angalau leo hii bomba la kupulizia dawa lisioshewe mtoni. Chupa tupu ya kiuatilifu isuuze mara tatu, maji ya suuzo yarudishe kwenye bomba uyapulizie shambani, kisha itoboe ili asitokee mtu wa kuitumia kubebea mafuta ya kula.

Sasa mche

Mlingoti una kazi yake: ni kuni, ni nguzo, ni ada ya shule. Panda wa kwako kwenye kilima kikavu na utapumzisha msitu wa asili. Kandokando ya chemchemi usiuweke, kwa sababu unakunywa sana. Ukikata iliyopo, kisiki kitachipua tena. Yatoe machipukizi kila mwezi mpaka kichoke. Mahali pake panda mvengi, unaopenda kusimama kwenye unyevu, au mkuyu. Nyumbani panda parachichi moja au mawili, mbali na msingi.

Panda Desemba, ardhi ikiwa imelowa kina cha kiganja. Chimba shimo la sentimita 60, udongo wa juu ukae kando urudi kwanza pamoja na mboji, na kiriba kichanwe chote, kisiachwe chini ya mizizi. Zungushia miti ya miiba. Mbuzi wa jirani hawajui tarehe ya kampeni. Panda michache kuliko unavyotamani, idadi ambayo watoto wa nyumba hiyo wanaweza kuimwagilia kiangazi chote. Chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kwa sindano na kufukiwa nusu karibu na shina inadondosha maji polepole, hivyo ukijaza mara mbili kwa wiki kuanzia Juni, mche unafika Oktoba ukiwa na majani.